Profesa wa Michubuko: Mvua Wodini

Tulimwacha Profesa Illuminée mlangoni mwa wodi ya watoto, mkono kwenye kitasa, mdomo wazi. Wiki nzima mmenisimamisha njiani mkiniuliza aliona nini humo ndani. Haya, aliona maharage.

Sufuria zima la maharage, jamani, limewekwa juu ya meza ya sindano. Pembeni mikeka miwili, kibuyu cha maziwa, mpiga picha aliyevaa tai, na karani wa komini, serikali yetu ya mtaa, bwana Hakizimana, amepakata rejista ya vizazi. Katikati ya yote hayo alisimama Kagabo, mfanyabiashara wa matofali, suti ya kijivu, anatabasamu kama bwana harusi.

"Karibu, Madamu Profesa," alisema, utadhani wodi ni ya babake. "Leo iko siku ya nane. Nimekuja kumpa mwanangu jina."

Mwanawe, ati. Kwa wewe unayejiunga nasi leo, nitasema upesi, wenzako wana haraka.

Siku nane nyuma, kichanga wa kike aliokotwa kwenye benchi la famasi, amefungwa kitenge. Mama hajulikani. Kesho yake akatokea Kagabo na karatasi mkononi: baba ni mimi. Huyu angekuwa mtoto wake wa kumi na mbili katika miaka miwili. Wawili kati ya hao, kwa mujibu wa vyeti, wamezaliwa na mama mmoja, wakapishana miezi mitatu. Komini iligonga mihuri yote bila kupepesa jicho.

Profesa Illuminée hakugonga muhuri. Alisomea magonjwa ya watoto Ubelgiji, na kwa miaka ishirini alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa udaktari jambo ambalo wakubwa wake hawakulipenda: kwamba mtoto mwingine haumwi, ameumizwa, na daktari lazima aulize nani. Michubuko aliipima kwa futi ya fundi cherehani. Wakamwita profesa wa michubuko, wakamcheka, akaendelea kupima.

Katika miezi saba walikuwa wameletwa wodini watoto watatu, kwa siku tofauti, na watu tofauti. Wote viganja vimeungua, kulia na kushoto, sawasawa. Mtoto akiangukia moto huungua ovyo, upande mmoja. Viganja vyote viwili vikiungua sawa, basi kuna kitu cha moto alikibeba. Profesa alikuwa na hakika ni matofali, tena matofali ya tanuri la Kagabo kule Gahanga.

Hakika yake ilikuwa haina shahidi. Watoto hawakusema. Mkubwa wao, Gwiza, wa miaka minane, alikuwa na wiki sita kitandani hajatamka hata neno "maji". Na Kagabo mwenyewe hawakumjua kwa sura, maana bwana mkubwa hafiki tanurini.

Utaniuliza kichanga wa siku nane atabeba tofali gani. Hata Profesa alijiuliza, mpaka akaelewa, na alipoelewa alikosa usingizi. Mtoto mkubwa anakumbuka kwao, anatoroka. Mchanga hana pa kutorokea. Kagabo alikuwa mtu wa mipango ya muda mrefu.

Profesa aliandikia ofisi ya mashtaka. Ikamjibu kwa karatasi safi yenye mhuri: mtoto asiye na jina hawezi kufunguliwa jalada. Alipouliza mtoto akipewa jina na Kagabo itakuwaje, ikamjibu kwa karatasi nyingine: hapo atakuwa na baba, na mwenye baba halalamiki. Akaomba walau kuingia kwenye geti la Gahanga akatazame. Akaandikiwa kwamba nyumba ya mtu huingiwa na wenye nyumba.

Ndiyo sababu alisimama mlangoni mdomo wazi. Kagabo akimpa mtoto jina leo, mtoto kaenda.

"Tuanze," alisema Kagabo. "Karani, andika."

Nesi Maneno alimsogelea Profesa. Maneno alikuwa kijana wa Nyamirambo, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na hakuwa na kawaida ya kunyamaza.

"Profesa, saa tisa hii," alimnong'oneza. "Karani hufunga rejista saa kumi na moja, hata mfalme azaliwe. Siku ya nane ikipita, jamaa hana hoja."

Profesa alifunga mdomo. Akakohoa.

"Bwana Hakizimana," alisema, "hii ni sherehe ya desturi au si ya desturi?"

"Iko ya desturi," alijibu karani.

"Basi mbona naona maharage na sijaona jembe? Watoto hulima kwanza. Wakishalima, mvua inawanyeshea, wanakimbilia ndani, wanakula ubunnyano, chakula chao cha siku hii, kila mtoto anamtajia kichanga jina. Halafu mama anataja lake. Halafu baba. Au huko komini siku hizi mnaanzia mkiani?"

Karani alinyooka kitini. Hakizimana alikuwa na imani moja tu duniani, nayo ni utaratibu.

"Hapana," alisema. "Mkiani hatuanzii. Watoto walime."

"Hawa ni wagonjwa," alisema Kagabo.

"Wagonjwa nao ni watoto," alisema karani, akafungua kalamu.

Lakini walime wapi? Uwanja wa hospitali ulikuwa saruji tupu, isipokuwa mahali pawili. Pa kwanza palikuwa na rundo la matofali mapya, zawadi ya Kagabo kwa jengo jipya la watoto. Pa pili ni bustani ya mawaridi ya Mkurugenzi, Daktari Mugenzi, aliyeyapenda mawaridi yake kuliko alivyowapenda madaktari wake.

Dakika kumi baadaye, wagonjwa ishirini na wanne walikuwa wamechuchumaa kwenye mawaridi ya Mkurugenzi wakilima kwa vijiko vya uji. Aliyevunjika mguu alilima ameketi. Mwenye dripu alilima kwa mkono mmoja, na Maneno kamshikia chupa juu. Mvulana wa surua, aliyekuwa hajala siku tatu, alichimba shimo la kumfikia magotini akaomba kijiko kikubwa zaidi.

Mkurugenzi alitoka mbio, koti jeupe limefungwa kifungo kisicho chake.

"Illuminée, nani aliyeruhusu hiki kitu?"

"Utaratibu, Daktari," alijibu karani badala yake.

Mkurugenzi akamvuta Profesa kando. "Huyu mtu anatujengea jengo. Umemshtaki kwa barua, sasa unamfanyia mchezo mbele ya mpiga picha. Barua yako ya uhamisho iko mezani kwangu, nimebakiza kutia sahihi. Utakwenda kuhesabu vyandarua vya wilaya mpaka ustaafu. Nani atafundisha michubuko yako hapo?"

Profesa aliogopa, niseme ukweli. Miaka ishirini si mchezo, na hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, alikuwa na ile wodi. Alitazama saa. Tisa na dakika arobaini. Juu ya kilima cha Rebero mawingu ya Oktoba yalikuwa yameanza kujikusanya, lakini mvua ya kweli ilikuwa bado mbali.

"Wamelima vya kutosha," alisema Kagabo. "Mvua."

"Mvua," alikubali karani, akaweka alama kwenye karatasi yake.

Maneno alichota maji beseni zima, akachovya ufagio, akaanza kuwarushia watoto. "Imvura, wanangu. Mvua hiyo, kimbieni."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa hakuna aliyetegemea kitakachotokea, hata Profesa.

Desturi inasema watoto wakinyeshewa hukimbilia ndani kula. Na walikimbia. Wenye plasta walirukaruka kwa mguu mmoja, dripu ikakimbia na mwenyewe, wa surua akawapita wote. Ishirini na mmoja wakabanana mlangoni kwenye harufu ya maharage.

Watatu walikimbilia upande mwingine.

Wa kwanza ni Gwiza. Alitupa kijiko, akanyakua shuka la hospitali kwenye kamba ya kuanikia, akaenda mbio moja kwa moja kwenye rundo la matofali. Mvulana mmoja akatokea kushoto na shuka lake, mwingine kulia na la kwake. Hawakuitana wala kutazamana. Wakatandaza, wakavuta, wakakunja pembe, wakakandamiza kwa mawe. Kufumba na kufumbua rundo lote lilikuwa limefunikwa, na wao watatu wamejipanga mbele yake, vichwa chini, mikono yenye bandeji nyuma ya mgongo.

Mpiga picha alikuwa ameshapiga, kwa mazoea tu.

"Hao wanafanya nini?" aliuliza karani.

Gwiza aliinua uso. Wiki sita hajasema, na sauti yake ilitoka imekwaruza.

"Tumewahi," alisema. "Hayajalowa."

Akamtazama Maneno, akamtazama Profesa, akameza mate.

"Leo tutakula?"

Profesa alikuwa ameandika kurasa mia mbili juu ya watoto hawa, na zote hazikufikia swali hilo. Alipiga goti kwenye saruji iliyolowa, hakujali sketi.

"Mtakula, mwanangu. Mtakula leo na kesho. Nani aliwafundisha kufunika?"

Gwiza aliinua pembe ya shuka kwa mkono wake uliofungwa, akaonyesha herufi K iliyogongwa kwenye tofali. "Hii ya kwetu. Mimi nagonga hiyo. Sote tunabeba zikitoka kwenye moto. Mvua ikitushinda, hatuli."

"Kwenu ni wapi?"

"Gahanga."

Macho yote yakamgeukia Kagabo. Bwana yule, msomaji, alipiga makofi.

"Watoto wenye bidii," alisema. "Sijui ni wa nani, lakini wamelelewa vizuri. Karani, tuendelee."

"Tuendelee na nini?" Profesa alisimama. "Umesikia mwenyewe, bwana Hakizimana. Andika."

Karani alifungua rejista, akapitisha kidole ukurasa mzima, kutoka juu mpaka chini. Alionekana kuumia kwa kweli.

"Madamu, nimesikia. Lakini hapa kuna safu ya jina, ya baba, ya mama, ya makazi. Safu ya matofali hakuna."

Wakaingia ndani kula.

Majina yakaanza. Karani aliandika yote ishirini na manne kwa mwandiko wa kanisani. Wa dripu alimwita mtoto Fanta. Wa surua alimwita Maharage, akaomba sahani ya pili. Mmoja alimwita Sindano-Hapana. Gwiza alifikiri sana, akasema, "Kaliza." Hakueleza kwa nini.

Saa ikawa kumi na nusu. Nusu saa nzima bado, na watoto wamekwisha.

"Sasa mama," alisema karani.

"Mama yake alifariki," alisema Kagabo upesi.

"Cheti cha kifo?"

"Nitaleta kesho."

"Basi tutaandika marehemu, halafu baba atataja." Kalamu ya karani ilishuka kwenye karatasi.

Profesa aliitazama ile kalamu inashuka. Alimtazama kichanga mikononi mwa Maneno, anapiga miayo. Na kabla akili yake ya Ubelgiji haijamzuia, mdomo ukafunguka.

"Mama mimi hapa," alisema.

Kijiko cha mtu kilianguka.

"Wewe nani?" aliuliza karani.

"Uwizeye Illuminée. Mama mtoto. Andika."

"Madamu, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mitatu."

Karani alihesabu kitu kwa vidole, akaacha. Alikuwa ameshaandika watoto wawili wa mama mmoja waliopishana miezi mitatu, angeanzia wapi kukataa hili. "Shahidi?"

"Mimi," alisema Maneno. "Siku nane sijamwona akilala kwa ajili ya mtoto huyu. Naapa kwa lolote utakalo."

"Jina unalompa?"

"Sangwa," alisema Profesa, na hilo hakulitunga pale. Usiku kadhaa alikuwa akimwita hivyo kimoyomoyo anapombadilisha nepi.

Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama dirishani, alitoka akaenda kuketi juu ya kilichobaki cha mawaridi yake. Karani akaandika, akapuliza wino ukauke, akasimama, akampa Profesa mkono. Halafu akamgeukia Kagabo, akampa na yeye.

"Hongereni nyote wawili," alisema.

Hapo ndipo Profesa alipoelewa alichokifanya. Safu ya mama, yeye. Safu ya baba, Kagabo, iliyojazwa na kugongwa mhuri tangu wiki iliyopita. Alikuwa amezaa na mtu ambaye hata mkono wake hakutaka kuushika.

Kagabo naye alielewa, na alikuwa mwepesi kuliko yeye. Tabasamu likarudi polepole.

"Karani," alisema, "desturi inasema baba anatoa jina wapi?"

"Nyumbani kwake. Jioni. Kwa hilo peke yake rejista hubaki wazi."

"Na mama mwenye mtoto wa kunyonya anakaa wapi?"

"Kwa mumewe."

"Basi, mke wangu," alisema Kagabo, akamfungulia Profesa mlango kwa heshima zote, "chukua mtoto, twende nyumbani. Jina nitampa huko huko."

Uso wa Profesa ukasawajika. Alikuwa amempoteza mtoto, na kazi, na sasa hata jina lake mwenyewe. Nyumbani kwa Kagabo. Nyumbani.

Nyumba ya mtu huingiwa na wenye nyumba. Ofisi ya mashtaka ilimwandikia hivyo yenyewe, kwa mhuri.

"Nyumbani ni wapi, mume wangu?" aliuliza taratibu.

Tabasamu la Kagabo likasita. "Nyumbani... nina nyumba Kabeza, nzuri, karibu na barabara ya uwanja wa ndege."

"Hapana," alisema karani, kidole kwenye rejista. "Hapa umeandika makazi ni Gahanga. Na kwa wale kumi na mmoja umeandika Gahanga. Mimi lazima nifike niandike jina la baba mahali pake."

"Ilikuwa utani, bwana."

"Rejista haina safu ya utani."

"Maneno," alisema Profesa, "niletee begi langu. Futi, kamera, daftari, na bandeji zote zilizoko kabatini. Zote. Naenda nyumbani kwangu."

Alimfunga kichanga mgongoni, kwa mara ya kwanza maishani, na Maneno alilazimika kumkaza kitenge mara mbili. Alipofika mlangoni, alisikia sketi inavutwa. Ni Gwiza.

"Ukifika," alisema mtoto, "Kaliza ni mdogo wangu. Anajificha kwenye tanuri lililozimwa. Walimwambia nimekufa." Akafikiri kidogo. "Mwambie nakula maharage."

"Nitamwambia," alisema Profesa.

Kwa hiyo wakaondoka, kwenye Pijo nyeupe ya Kagabo. Mume usukani, anatoka jasho. Mke pembeni yake, mtoto mgongoni. Nyuma Maneno kakumbatia bandeji, na karani kakumbatia rejista. Kwenye kizuizi cha Kicukiro askari alichungulia ndani, akaona kichanga, akasema hongera mzee, amefanana na wewe. Kagabo hakucheka.

Rebero ilikuwa imemezwa na wingu jeusi. Njia ya lami iliisha, vumbi jekundu likaanza, halafu mashamba ya mihogo, halafu ukuta mrefu usio na dirisha, na geti la bati. Kagabo alizima gari.

"Illuminée," alisema kwa sauti ya chini, bila madamu wala mke. "Mtoto mchukue. Nafuta madai sasa hivi. Turudi mjini."

Alikuwa anampa kila alichokitaka asubuhi ile. Profesa aliuhisi ule uzito mdogo wenye joto mgongoni mwake. Angeweza kusema ndiyo. Nakuapia, msomaji, neno lilikuwa limeshamfika ulimini.

Tone moja likagonga kioo cha gari. Kisha la pili. Kisha mvua yote ya Oktoba ikamwagika juu ya paa, na mara hiyo, nyuma ya ukuta, ikasikika miguu.

Miguu midogo, mitupu, inakimbia kwenye matope. Hakuna aliyelia wala kupiga kelele, ni mbio tu, na maturubai yanavutwa. Kagabo aliwahi kuapa kwa mihuri ya komini kwamba ana watoto kumi na mmoja.

Profesa alifungua mlango, akashuka mvuani, akaweka sikio kwenye bati la geti, akaanza kuhesabu waliokuwa wakipita. Alifika kumi na mmoja. Alifika ishirini. Karani Hakizimana alishuka nyuma yake, akafunika rejista kwa koti lake, naye akawa anahesabu kwa midomo.

Walifika arobaini, na miguu ilikuwa bado inakimbia.

Profesa akakunja ngumi, akagonga geti.

"Fungueni," alisema. "Mama amerudi."